Shajara ya mradi: kampaundi za mimea ndani ya makrofaji

Januari. Swali

Tumeanza. Swali lenyewe ni fupi: kampaundi inayotoka kwenye mmea inapotuliza inflamesheni (mwitikio wa kinga unaoleta uvimbe na joto) ndani ya seli ya kinga, inashika wapi hasa? Hatuulizi kama inatuliza. Swali hilo limeshajibiwa "ndiyo" kwa mimea mingi mno, hata jibu lenyewe limekosa uzito. Chukua karibu dondoo lolote la majani au magome, limwage juu ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu, zikiwa zimechokozwa, na sitokini, yaani protini ambazo seli hizo hutoa kuchochea inflamesheni, zitashuka. Sisi tunataka kujua zimeshuka kwa sababu gani.

Kwa nini tung'ang'anie sababu? Tazama aspirini. Mwaka 1763 kasisi Edward Stone wa Uingereza aliiandikia Royal Society kuhusu unga wa gome la mti wa jamii ya Salix uliotuliza homa. Mwaka 1897 Felix Hoffmann, mkemia wa kampuni ya Bayer, alipata asidi ya asetilisalisili iliyo safi. Ilipofika 1971 ndipo John Vane alipoonyesha kwamba dawa hiyo huzuia utengenezaji wa prostaglandini, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Zaidi ya miaka 200 ilipita kati ya gome na maelezo. Na maelezo yalipokuja, yalifichua jambo ambalo hakuna mtu angelijua kwa kutafuna gome: aspirini hubandika kikundi cha asetili kwenye COX, kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, na kukiziba moja kwa moja, na kikundi hicho cha asetili hakimo kwenye gome. Mmea ulionyesha njia, mkemia akaongeza kipande kilichobadilisha kila kitu. Bila kujua dawa inashika wapi, huwezi hata kujua ni sehemu ipi ya molekuli inayofaa kutunzwa.

Tumechagua kampaundi chache zilizo safi: kurkumini ya manjano, kwesetini inayopatikana kwenye vitunguu, EGCG ya chai ya kijani, parthenolidi ya mmea wa Tanacetum parthenium, sulforafani ya jamii ya brokoli na kabichi, na kolkisini ya Colchicum autumnale. Tumeongeza triptolidi ya Tripterygium wilfordii kwa sababu maalumu itakayoonekana mbele. Deksamethasoni, ambayo tunajua vizuri namna inavyotuliza inflamesheni, itakuwemo kwenye kila sahani kama kipimo cha kulinganisha.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Inflamesheni si adui. Ndiyo namna mwili unavyopigana na vijidudu na kuanza kuponya jeraha. Ubaya huja pale inapokataa kuzima. Kampaundi inayonyamazisha seli ya kinga kabisa haitufai kitu.

Februari. Seli, na safari ya habari ndani yake

Tunafanya kazi na aina mbili za seli. RAW 264.7 ni makrofaji za panya, zinakuzwa katika maabara nyingi duniani tangu miaka ya 1970. Ni imara, huongezeka haraka, na zikichokozwa hutoa naitriki oksaidi kwa wingi. THP-1 ni za binadamu, zilitoka kwenye damu ya mtoto wa mwaka mmoja aliyekuwa na leukemia. Hizi huelea kwenye maji ya lishe mpaka zipewe PMA, kemikali ya kuzikomaza, ndipo hushika chini ya sahani na kuanza kufanana na makrofaji. Hatukutaka kutegemea seli za panya peke yake. Makrofaji za binadamu zikikuzwa kwenye sahani hutoa naitriki oksaidi kidogo sana, kwa hiyo anayepima kitu hicho kwa seli za panya kisha akaandika kuhusu ugonjwa wa binadamu anaandika kuhusu jambo ambalo hakulipima.

Kichokozi chetu ni LPS, sehemu ya ganda la nje la bakteria kama E. coli. Seli huitambua kwa kipokezi kiitwacho TLR4, kikisaidiwa na protini za CD14 na MD-2. Mwaka 1998 Bruce Beutler na wenzake walionyesha kwamba panya wasioitikia LPS wana kasoro kwenye jeni ya TLR4, na mwaka 2011 Beutler akawa mmoja wa waliopata Nobel ya tiba. Kutoka TLR4 habari hupita kwenye mlolongo wa protini, MyD88, IRAK, TRAF6 na TAK1, mpaka kufika kwa kimeng'enya kiitwacho IKK. Hapo ndipo tunapotazama kwa makini kuliko pengine popote.

NF-κB, protini ambayo Ranjan Sen na David Baltimore waliigundua mwaka 1986, hukaa nje ya kiini cha seli ikiwa imeshikwa na protini nyingine, IκBα, mithili ya mbwa aliyefungwa kamba uani. IKK ikiamka, hubandika fosfeti kwenye ile kamba, seli inaitambua kuwa ni ya kutupwa, na mtambo wa kuvunja protini unaikata vipande. NF-κB inaachiwa, inaingia kwenye kiini, na kuwasha jeni za sitokini za TNF, IL-6 na IL-1β ambayo bado haijakomaa, pia za COX-2, aina moja ya COX, na kimeng'enya cha kutengeneza naitriki oksaidi.

Tumepima mwendo huo kabla ya kugusa kampaundi yoyote, kwa kuvunja seli kila baada ya muda, kutenganisha protini kwenye jeli na kuzitambua kwa kingamwili. IκBα ilitoweka ndani ya nusu saa ya kwanza. Kisha ikarudi. Imerudi kwa sababu miongoni mwa jeni zinazowashwa na NF-κB imo ile ya IκBα yenyewe, yaani aliyeachiwa ndiye anayeagiza afungwe tena. Nimeona michoro ya jambo hili mara nyingi, lakini kuuona mstari ule ukififia na kurudi kwenye jeli yetu kumenifurahisha sana. Pia kumetupa ratiba: ishara za IKK zipimwe dakika za mwanzo, TNF baada ya saa chache, IL-6 baadaye kidogo, na naitriki oksaidi baada ya saa 24. Atakayepima kila kitu saa ya 24 atakuta njia nzima imeshatulia na hatajua nani aliifunga.

Machi. Sumu iliyojificha

Kikundi tunachoshirikiana nacho kilituomba tujaribu dondoo la majani waliloliandaa. Tulikubali. Dondoo hilo liliziamsha makrofaji bila LPS yoyote kuongezwa. TNF ilipanda juu kabisa.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba mmea huo "huimarisha kinga". Sentensi za namna hiyo zimejaa kila mahali, na nyingi zinatokana na jambo tulilolikuta sisi: majani huishi na bakteria, bakteria wana LPS, na nanogramu chache za LPS kwa mililita moja zinatosha kuchokoza makrofaji. Kuchemsha au kutumia otoklevu huua bakteria lakini LPS hubaki. Vyombo vya kioo husafishwa LPS kwa joto kavu la nyuzi 250 za Selsiasi kwa nusu saa, joto ambalo hakuna dondoo la mmea litakalolistahimili.

Tulijaribu njia mbili. Ya kwanza, tuliongeza polimiksini B, antibayotiki inayoishika LPS na kuinyima nafasi ya kufika kwenye kipokezi. Mwamko wa seli ulipungua sana. Ya pili, tulitumia kipimo kinachotokana na chembe za damu ya Limulus, mnyama wa baharini ambaye damu yake huganda ikikutana na LPS. Kikawa chanya. Kipimo hiki nacho kina tahadhari yake: beta-glukani za kuvu na za mimea zinaweza kukiwasha kupitia njia ya pembeni, kwa hiyo hakisomwi peke yake. Vyote viwili vikikubaliana, basi.

Kuna hatari iliyo mbaya zaidi, ya upande wa pili. Makrofaji ikiguswa na LPS kidogo kwa muda, huzoea, na ikiletewa nyingi baadaye huitikia kwa unyonge. Mtu akiziloweka seli usiku kucha kwenye dondoo lenye uchafu, kisha asubuhi akaongeza LPS, ataona TNF ndogo na kushangilia kwamba mmea umetuliza inflamesheni. Kumbe ni bakteria waliokuwa juu ya jani ndio waliofanya kazi. Nadhani sehemu kubwa ya vurugu iliyomo kwenye uwanja huu inatoka hapa. Tangu sasa kila chupa ya kampaundi inapimwa LPS kabla haijafunguliwa kwenye kabati la kukuzia seli, hata ikiwa imeandikwa kwamba ni safi.

Tumewarudishia wenzetu matokeo yote pamoja na maelezo ya polimiksini. Wanaandaa dondoo upya.

Aprili. Ziko hai?

Seli iliyokufa haitoi TNF. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote kuhusu kutuliza, lazima tuthibitishe uhai.

Kipimo kinachotumiwa zaidi ni MTT, chumvi ya manjano ambayo seli hai huigeuza kuwa fomazani ya zambarau. Tatizo ni kwamba kampaundi nyingi za mimea zina uwezo wa kuigeuza zenyewe. Tuliweka kwesetini na MTT kwenye visima visivyo na seli hata moja. Rangi ya zambarau ikatokea. Maana yake ni kwamba kwesetini ikiua seli, kipimo hiki kinaweza kusema zingali hai. Tumehamia kwenye kupima LDH, kimeng'enya kinachovuja seli inapopasuka, na kuhesabu seli kwa darubini baada ya kuzipaka rangi inayoingia kwenye zilizokufa tu. Kazi ni ndefu zaidi lakini nalala usingizi.

Kurkumini ina kero ya kwake. Ni ya manjano kali, hufyonza mwanga karibu na nanometa 425, tena hung'aa yenyewe ikimulikwa, kwa hiyo huingilia vipimo vya rangi na vya mng'ao. Na kipimo cha Griess, kinachosoma naitraiti, mabaki ya naitriki oksaidi, kwa rangi ya waridi kwenye nanometa 540, tumekiwekea ulinzi wake: kila kampaundi huchanganywa na naitraiti ya kiwango kinachojulikana, bila seli, tuone kama usomaji unashuka. Kwa kampaundi zilizokula naitraiti humo, usomaji wa Griess umefutwa kwenye daftari na tunategemea kupima kimeng'enya chenyewe.

Mei. EGCG na maji ya lishe

Mwezi huu wote umekwenda kwenye kampaundi moja na sijutii.

EGCG ilipunguza IL-6 vizuri sana kwenye seli za RAW. Picha ilikuwa safi: kiwango kikipanda, IL-6 inashuka. Seli zilikuwa hai. Mtu angeweza kuishia hapo. Lakini EGCG ina vikundi vingi vya haidroksili vinavyopenda kuachia elektroni, na maji ya lishe yana oksijeni, baikaboneti na chembe za madini. Barry Halliwell na wenzake walishaonya mwaka 2000 kwamba polifenoli za aina hii hutengeneza haidrojeni peroksaidi ndani ya maji ya lishe, bila seli yoyote kuhusika. Tukapima. Peroksaidi ilikuwapo, ikapanda ndani ya saa ya kwanza.

Basi swali likabadilika: seli zetu zimetulizwa na EGCG, au zimeshtushwa na peroksaidi? Tukaongeza katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Sehemu kubwa ya athari ilitoweka. Iliyobaki ni ndogo, lakini ipo, na inajirudia.

Kisha tukakutana na jambo lililonisaidia kuelewa kwa nini maabara mbili zinaweza kupata majibu tofauti kwa kampaundi ileile. Baadhi ya aina za maji ya lishe zina piruveti ya sodiamu, na piruveti huivunja haidrojeni peroksaidi. Tulirudia jaribio kwenye maji yenye piruveti na yasiyo nayo. Kwenye yenye piruveti, EGCG ilionekana dhaifu; kwenye yasiyo nayo, ilionekana dawa kali. Seli zilezile, chupa ileile ya EGCG, siku ileile. Kiungo kidogo ambacho mara nyingi hakitajwi kabisa kwenye maelezo ya njia kimegeuza hitimisho.

Mwenzangu anayeshughulikia seli za THP-1 aliuliza swali la haki: peroksaidi si nayo ni ishara ya kibayolojia, na labda EGCG hufanya kazi kupitia hiyo hata mwilini? Inawezekana utumboni, ambako polifenoli hufika kwa wingi. Kwenye damu sioni namna, kwa sababu chembe nyekundu zimejaa katalesi na vimeng'enya vingine vya kuivunja. Tumekubaliana kuiandika EGCG kuwa na athari halisi iliyo ndogo, na katalesi itakuwemo kwenye kila jaribio la polifenoli kuanzia sasa.

Juni. Kurkumini

Hii nitaipitia kwa ufupi, ingawa ndiyo watu wanayoiulizia zaidi.

Kurkumini ikiwekwa kwenye mmumunyo usio na seramu, kwa joto la mwili na asidi ya kiwango cha damu, sehemu yake kubwa huvunjika ndani ya nusu saa. Seramu huichelewesha kuvunjika kwa kuishika. Kwa hiyo jaribio la saa 24 ni jaribio la mabaki yake. Jonathan Baell na Georgina Holloway walieleza mwaka 2010 kuhusu kampaundi zinazodanganya vipimo vingi kwa wakati mmoja, zinazojulikana kwa kifupi PAINS, na kurkumini huingia kwenye sifa hizo karibu zote: hushika protini ovyo, hung'aa, hushika metali, huvuruga utando wa seli. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake walipitia ushahidi na kuandika kwamba hakuna jaribio la tiba la upofu wa pande mbili lenye kundi la dawa bandia lililofanikiwa kwa kurkumini. Utumbo huipokea kwa shida, na ini huibadilisha haraka.

Kwenye sahani zetu ilishusha TNF, IL-6, naitriki oksaidi, COX-2, vyote. Pia ilishusha vitu ambavyo havihusiani na inflamesheni. Tumeitoa kwenye orodha ya kampaundi tunazozifuatilia. Wenye shauku nayo watasikitika, nami ninawaelewa, lakini muda wa kikundi kidogo ni mali.

Julai. Parthenolidi na sulforafani: kemia iliyo wazi

Hapa ndipo mradi ulipopata pumzi.

Parthenolidi ina pete yenye bondi mbili iliyo na njaa ya salfa. Ikikutana na sisteini, asidi amino yenye salfa, hujifunga nayo kwa bondi ya kudumu. Sisteini inayotuhusu ni ile ya nafasi ya 179 kwenye IKKβ, katikati ya sehemu inayowashwa. Ushahidi uliochapishwa mwaka 2001 ulikuwa wa kuvutia kwa sababu watafiti waliibadilisha sisteini hiyo kuwa asidi amino nyingine, na IKKβ ikaacha kuitii parthenolidi. Huo ndio ushahidi ninaoupenda: ondoa mahali pa kushika, na dawa inakosa kazi.

Kwetu, seli zilizopewa parthenolidi kisha LPS ziliendelea kuwa na IκBα yake dakika zote za mwanzo. Kamba haikukatwa. NF-κB haikuingia kwenye kiini. Tulipoichanganya kwanza na glutathioni, ambayo ina salfa yake, athari yote ilifutika, kama kemia inavyotaka. Lakini glutathioni hiyohiyo imo ndani ya kila seli, tena kwa wingi, na parthenolidi huimaliza. Ndiyo maana pengo kati ya kiwango kinachotuliza na kiwango kinachoua ni jembamba. Tulipopandisha kidogo tu, LDH ilianza kuvuja. Zaidi ya hayo, parthenolidi inajulikana pia kugusa kaspesi-1, kimeng'enya kingine cha inflamesheni, kwa hiyo hata kampaundi yenye shabaha nzuri haina shabaha moja.

Sulforafani nayo hushika sisteini, lakini mlango wake ni mwingine. Protini ya Keap1 kwa kawaida huipeleka Nrf2, protini inayowasha jeni za kujilinda, ikavunjwe kila inapotengenezwa. Sulforafani hushika sisteini ya nafasi ya 151 kwenye Keap1, Keap1 inashindwa kazi, Nrf2 inarundikana na kuingia kwenye kiini, na jeni za kujilinda kama HO-1 na NQO1 zinawaka. Mwaka 2016 ilionyeshwa pia kwamba Nrf2 inaweza kuzuia moja kwa moja kunakiliwa kwa jeni za IL-6 na IL-1β.

Tofauti ya kampaundi hizi mbili ilijitokeza kwenye saa. Parthenolidi ilifanya kazi ikiwekwa muda mfupi kabla ya LPS. Sulforafani ikiwekwa wakati mmoja na LPS ilifanya kidogo. Ikitangulia kwa saa kadhaa, seli zikapata muda wa kutengeneza protini za Nrf2, ilifanya vizuri. Na IκBα ilivunjika kama kawaida, jambo linaloonyesha kwamba kamba ilikatwa na utulivu ukaletwa na kitu kingine huko mbele. Kwenye jedwali la sitokini peke yake kampaundi hizi zinafanana. Ukiweka saa na kingamwili, zinaachana kabisa.

Agosti. Triptolidi

Tuliiweka makusudi kama mfano wa hatari. Kwa viwango vya nanomola ilinyamazisha TNF na IL-6 kuliko deksamethasoni. Mtu asiyejua angesema tumepata dawa.

Triptolidi hushika XPB, sehemu ya TFIIH, mtambo ambao seli huutumia kuanza kunakili karibu jeni zake zote. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 2011. Tulipima pia nakala za jeni za kazi za kila siku zinazovunjika haraka, nazo zilianguka pamoja na sitokini. Uhai kwa LDH ulikuwa mzuri saa za mwanzo, kwa sababu seli isiyonakili jeni huchukua muda kufa. Kipimo cha uhai pekee hakitoshi basi. Tumeongeza jeni hizo kwenye kila jaribio, na kampaundi yoyote inayozishusha inaondolewa hata kama TNF imeshuka kwa namna ya kupendeza.

Septemba. Kolkisini na inflamasomu

Kuna njia ya pili ya inflamesheni ambayo NF-κB inaiandaa tu bila kuimaliza. IL-1β hutengenezwa ikiwa haijakomaa, inakaa. Ishara ya pili ikija, kama potasiamu kuvuja nje ya seli au fuwele za asidi ya uriki kumezwa, protini ya NLRP3 hukusanya wenzake kuwa inflamasomu, mtambo ambao kikundi cha Jürg Tschopp kilieleza muundo wa aina yake mwaka 2002. Kaspesi-1 huwashwa, hukata IL-1β ikakomaa, na hukata gasdermini D ambayo hutoboa utando wa seli.

Ugonjwa wa jongo ndio mfano wake hasa, na kolkisini imetumika kwa jongo tangu zamani. Hushika tubulini, protini ya mirija inayosafirisha vitu ndani ya seli. Mwaka 2006 kikundi hichohicho kilionyesha kwamba kolkisini inazuia IL-1β inayoletwa na fuwele lakini haizuii ile inayoletwa na ATP, molekuli ya nishati ya seli ambayo nayo ikiwa nje ya seli huwa ishara ya pili. Tumerudia kwa THP-1 na tumeona sura ileile: kwa fuwele, IL-1β ilishuka sana, kwa ATP, karibu haikuguswa. IκBα haikubadilika hata chembe. Kwa maneno mengine kolkisini haigusi kabisa njia tuliyoanza nayo Februari.

Ninaiheshimu kampaundi hii kwa sababu imevuka kutoka sahani hadi mgonjwa. Jaribio la COLCOT la 2019 lilikuwa na wagonjwa 4,745 waliotoka kupata shambulio la moyo, na LoDoCo2 la 2020 lilikuwa na wagonjwa 5,522 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Yote mawili yalitumia miligramu 0.5 kwa siku, na matukio ya moyo yalipungua kwa takriban asilimia 23 na 31. Mwaka 2024 jaribio jingine kubwa zaidi, lenye wagonjwa zaidi ya 7,000 baada ya shambulio la moyo, halikuona faida. Mjadala unaendelea, nao unafanyika kwa namba za watu.

Neno kwa msomaji yeyote: Colchicum ni mmea unaoua. Pengo kati ya dozi na sumu ni dogo, na hakuna mtu anayepaswa kuutafuta mmea wenyewe.

Oktoba. Kiwango

Tumebaki na kwesetini, na imetufundisha kuhusu namba. Kwenye sahani, mikromola 10 hadi 50 zilituliza seli zetu hata katalesi ikiwemo. Machapisho mengi yanafanya kazi kwenye viwango hivyo. Lakini kwesetini ikiliwa, utumbo na ini huibandika vipande vya kemikali viitwavyo glukuronidi na salfeti, na kinachozunguka kwenye damu baada ya mlo kwa kawaida ni chini ya mikromola 1, tena karibu chote kikiwa kimebandikwa.

Kwa hiyo tulijaribu kwesetini-3-glukuronidi, umbo ambalo damu inalo, kwa mikromola 1 na chini yake. Seli zilizopumzika hazikujali. Makrofaji zilizochokozwa na LPS kwa muda mrefu zilionyesha kupungua kidogo kwa IL-6. Makrofaji zina beta-glukuronidesi, kimeng'enya kinachoweza kukata glukuronidi na kuiachia kwesetini palepale penye inflamesheni. Dhana hiyo ina mantiki na inanivutia sana: umbo lisilo na nguvu likisafiri kwenye damu, likifunguliwa tu pale linapohitajika. Kwa sasa tofauti tuliyoiona ni ndogo, na tumepanga kuirudia kukiwa na kizuizi cha beta-glukuronidesi. Kizuizi kikiifuta tofauti hiyo, tutakuwa na ushahidi. Kisipoifuta, tutaandika hivyo.

Novemba. Tulipofika

Kampaundi tatu zinaendelea: sulforafani, kolkisini, na kwesetini kwa umbo lake la damu. Parthenolidi inabaki kama kifaa cha kufungia IKKβ kwenye majaribio mengine, si kama mgombea wa dawa. EGCG imewekwa kando mpaka tupate namna ya kuijaribu bila maji ya lishe kuisemea.

Hatua inayofuata ni makrofaji zinazokuzwa kutoka damu ya wachangiaji waliotoa ridhaa, kwa kuwa RAW na THP-1 zote ni seli za saratani na tabia zake za kugawanyika zinaweza kuficha mengi. Wachangiaji hutofautiana, kwa hiyo kila mmoja atachambuliwa peke yake kabla ya kuwekwa pamoja. Visima vitapewa namba za siri na anayesoma matokeo hatajua kipi kina nini. Orodha ya vipimo, saa za kupima na kiwango cha juu cha kila kampaundi vimeandikwa na kufungwa kabla ya chupa ya kwanza ya damu kufika. Kwa sulforafani tutapima Nrf2 kabla ya sitokini, na kwa mchangiaji yeyote ambaye Nrf2 yake haikupanda, kushuka kwa IL-6 hakutahesabiwa kuwa ni kazi ya njia hiyo.

Wale wenzetu wa dondoo la majani wametuma toleo jipya. Kipimo cha Limulus kimetoka hasi. Linaingia kwenye sahani wiki ijayo, na polimiksini pembeni yake.